Anayeshika Ratiba ya Rais

Tarehe 5 Desemba 1919 maseneta wawili wa Marekani, Albert Fall na Gilbert Hitchcock, waliruhusiwa kuingia chumbani kwa Rais Woodrow Wilson. Miezi miwili ilikuwa imepita tangu Rais apigwe na kiharusi, na muda wote huo waliomwona walikuwa wachache mno. Chumba kiliandaliwa kabla wageni hawajafika. Mkono wa kushoto uliopooza ulifunikwa blanketi, na karatasi ambayo Rais angeihitaji kwenye mazungumzo iliwekwa upande wa kulia, mahali ambapo mkono mzima ungeifikia. Mkewe, Edith, alikuwa pembeni na daftari na penseli, akiandika yanayosemwa. Maseneta walipotoka waliwaambia waandishi wa habari kwamba akili za Rais ni timamu.

Walisema kweli kwa kadiri ya walichoona. Ila walichoona kilipangwa na mtu mwingine, hata upande wa kitanda watakaokaa. Katika kumbukumbu alizochapisha miaka mingi baadaye, Edith Wilson alijitetea kwamba hakuwahi kuamua jambo lolote la serikali. Uamuzi wake, alisema, ulikuwa kuhusu lipi lina uzito wa kupelekwa kwa mumewe na lipelekwe lini. Aliyewahi kufanya kazi karibu na mkubwa yeyote, awe mkuu wa wilaya au mkurugenzi wa shirika, anaelewa kwamba baada ya uamuzi huo yaliyobaki yote ni madogo.

Gharama yake ilionekana haraka. Waziri wa Mambo ya Nje, Robert Lansing, aliwaita mawaziri wenzake wakutane bila Rais ili kazi zisilale, naye Februari 1920 akatakiwa ajiuzulu kwa kosa hilo. Barua za Kanali Edward House, aliyewahi kuwa mshauri wa Wilson wa karibu kuliko wote, zilizomsihi alegeze msimamo wake juu ya mkataba wa amani, hazikujibiwa. Seneti iliukataa mkataba Novemba 1919, ikaukataa tena Machi 1920, na Marekani ikabaki nje ya Shirikisho la Mataifa, lile lile ambalo baadaye liliikabidhi Uingereza udhamini wa Tanganyika. Huenda Wilson angekuwa mkaidi hata angekuwa mzima. Lakini watu wenye uwezo wa kubishana naye uso kwa uso walikuwa upande wa pili wa mlango, na ufunguo haukuwa mikononi mwa mtu aliyepigiwa kura wala aliyethibitishwa na chombo chochote.

Nimeanza na habari hii ya zamani kwa sababu huku kwetu tunapozungumzia madaraka tunahesabu mawaziri, wabunge, majenerali na matajiri wanaochangia kampeni, kisha tunampita yule aliyekaa kwenye meza ndogo nje ya ofisi ya Rais. Tunamkumbuka tunaponung'unika tu: Rais ni mtu mzuri, waliomzunguka ndio wabaya. Kauli hiyo nimeisikia katika kila awamu na katika kila nchi ya Afrika Mashariki niliyofika. Inamsamehe Rais kirahisi, maana waliomzunguka aliwaweka yeye. Hata hivyo ndani yake kuna ukweli ambao haujachunguzwa vya kutosha.

Tanzania kazi hiyo imegawanywa. Kuna Katibu wa Rais. Kuna Mnikulu, anayesimamia nyumba na yanayofanyika ndani yake. Kuna Mkuu wa Itifaki, kuna mpambe mwenye sare anayesimama hatua moja nyuma ya Rais, na kuna makatibu muhtasi ambao majina yao hayatajwi popote. Kenya ina Msimamizi wa Ikulu, cheo ambacho kwenye karatasi ni cha matumizi na malezi ya nyumba, lakini kisiasa kina uzito kuliko wizara kadhaa. Uganda, Amelia Kyambadde alikaa miaka mingi katika nafasi ya katibu binafsi mkuu wa Rais Museveni, na alipotoka hapo alichaguliwa kuwa mbunge na mwaka 2011 akawa waziri. Hakuna aliyeshangaa. Aliyepanga foleni ya mawaziri kwa miaka yote hiyo anaijua serikali kuliko wengi wao.

Ombi la kumwona Rais huanza safari kama barua nyingine yoyote ya serikali. Masjala huigonga muhuri wa kupokelewa, huipa namba ya folio, huiweka ndani ya jalada. Jalada hupanda. Ofisa wa kwanza huandika dokezo: anayeomba ni nani, anataka nini, jambo lake ni la wizara gani. Wa pili huuliza kama wizara husika imetoa maoni. Ni swali la haki kabisa, kwa sababu Rais hapaswi kukurupushwa na upande mmoja. Basi jalada hupelekwa wizarani, na mara nyingine wizara hiyo ndiyo inayolalamikiwa. Linakaa. Likirudi, yule wa kwanza amehamishwa, au Rais yuko safarini, au jambo lenyewe limeshapitwa na wakati. Hakuna aliyeandika neno "hapana" popote ndani ya jalada lile. Mwombaji akipiga simu anaambiwa suala lake linashughulikiwa, na aliyemjibu hajasema uongo.

Hivyo ndivyo mlango unavyofungwa katika serikali, na ndiyo maana ni vigumu kumshtaki mtu kwa kuufunga.

Kwa upande mwingine, msomaji atazame siku ya Rais ilivyo. Kuna taarifa ya usalama ya asubuhi. Kuna mabalozi wapya wanaowasilisha hati zao, kuna viapo, kuna Baraza la Mawaziri, kuna mgeni kutoka nchi jirani ambaye ndege yake imechelewa. Kuna sahihi zisizoweza kuwekwa na mtu mwingine. Ukiondoa hayo, kinachobaki cha kufikiri, kusoma na kusikiliza ni kidogo kiasi cha kutia huruma, na watu wanaokitaka ni maelfu. Mtu wa kuchuja lazima awepo. Wanaodai mlango wa Ikulu uachwe wazi kwa kila mwananchi hawajafikiria nani atakayetangulia kuingia. Ataingia mwenye gari, mwenye jamaa ndani, mwenye muda wa kukaa barazani tangu alfajiri. Mama wa Namtumbo mwenye kesi ya shamba hatakuwa katika hao.

Marais wa Marekani walijaribu mlango wazi, na matokeo yao ni somo zuri kwa sababu yameandikwa. John Kennedy hakutaka mkuu wa watumishi. Ofisi yake ilifikiwa kwa njia mbili: upande mmoja alikuwepo Kenneth O'Donnell, aliyesimamia miadi, na upande mwingine Evelyn Lincoln, katibu muhtasi wake. Aliyekataliwa kwa O'Donnell alizunguka kwa Bi. Lincoln. Napenda mpangilio huo kuliko wengi wanaoandika juu ya jambo hili, na sababu nitaieleza mbele. Gerald Ford aliingia Agosti 1974 akiahidi kwamba wasaidizi wake wakuu wote watamfikia moja kwa moja. Mwezi uliofuata alimwita Donald Rumsfeld aje kuweka utaratibu. Jimmy Carter alikaa zaidi ya miaka miwili bila mkuu wa watumishi hadi alipomteua Hamilton Jordan Julai 1979. Mwaka huo huo James Fallows, aliyekuwa mwandishi wake wa hotuba, alieleza hadharani kwamba Rais alikuwa akipitia mwenyewe maombi ya watu kutumia uwanja wa tenisi wa White House. Carter alikuwa mtu mwadilifu na msomaji hodari. Kosa lake lilikuwa kuruhusu mambo madogo yamfikie kwa njia ile ile ya mambo makubwa, na mambo madogo daima ndiyo mengi.

Mtu aliyeijenga kazi hii ikawa taaluma ni H. R. Haldeman, mkuu wa watumishi wa Richard Nixon tangu 1969. Nataka kukaa hapa kidogo, kwa sababu Haldeman hukumbukwa kwa kashfa iliyomwangusha, na taratibu zake hazisomwi na wale ambao zingewafaa.

Kwa Haldeman, karatasi haikuruhusiwa kufika mezani kwa Rais kabla haijapita kwa kila idara inayohusika, na maoni ya kila mmoja yakaambatishwa. Waziri wa Fedha akitaka jambo, Rais alisoma ombi lake pamoja na hoja za anayelipinga. Aliyeomba kuonana na Rais alieleza kwa maandishi kusudi la mkutano, wanaohudhuria, na dakika anazohitaji. Kila inapowezekana msaidizi mmoja aliingia na mgeni, akaandika yaliyoahidiwa na kuyafuatilia baadaye. Utaratibu huo wa mwisho ulikuwa na sababu nzito: mgeni yeyote hodari, akikaa na mkubwa peke yao, hutoka akidai amekubaliwa. Katika serikali zetu madai ya namna hiyo yameuza viwanja, yametoa vibali vya kuvuna magogo na yamewahamisha watumishi waaminifu. "Mzee amesema" ni hati isiyo na sahihi, na haina wa kuithibitisha kama hapakuwa na wa tatu chumbani.

Haldeman alifanya pia jambo ambalo mtu wa nje hawezi kuliona. Nixon alipokasirika alitoa amri za ajabu, na Haldeman aliziandika, akaziacha zilale, akangoja hasira ipoe. Nyingi hazikutekelezwa kamwe. Nashikilia kwamba hiyo ni sehemu halali ya kazi. Mtu wa mlangoni huwalinda raia dhidi ya saa mbaya za Rais, kama anavyomlinda Rais dhidi ya wageni wabaya.

Basi mfumo mzuri namna hiyo uliharibikia wapi? Uliharibika kwa sababu wote waliokuwa ndani walikuwa na nia moja. Rose Mary Woods, katibu muhtasi aliyekuwa na Nixon tangu enzi za Seneti na aliyeweza kumwambia ukweli wa kumchoma, alisogezwa mbali na mlango. Haldeman na msaidizi mwenzake, John Ehrlichman, wakawa ukuta, na wabunge wa chama chao wenyewe wakalalamika kwamba hawapenyi. Ukuta unaozuia kila kelele huzuia pia sauti ya mtu anayepiga yowe kwamba nyumba inaungua. Wavunjaji waliotumwa na watu wa Nixon walipokamatwa katika jengo la Watergate Juni 1972, Nixon hakuwa na mtu wa kumwambia aseme ukweli siku ile ile, kwa sababu wote waliokuwa na ruhusa ya kuingia walikuwa na cha kuficha. Ndiyo maana nilisema napenda milango miwili ya Kennedy. Rais anahitaji utaratibu, na anahitaji pia ufa mmoja katika utaratibu huo, unaoshikwa na mtu asiye na njaa ya cheo.

Kilichowaumbua ni kumbukumbu. Julai 16, 1973 Alexander Butterfield aliieleza kamati ya Seneti kwamba mazungumzo ya Rais yalikuwa yakirekodiwa. Butterfield hakuwa jasusi wala mwanasiasa. Kazi yake ya kila siku ilikuwa mtiririko wa karatasi na ratiba ya Rais: nani anaingia, anakaa wapi, anatoka saa ngapi. Vinasa sauti vya ofisini vilifungamanishwa na kifaa cha walinzi kilichoonyesha Rais yuko chumba gani, hivyo Rais alipoingia, vilikuwa tayari kuanza. Na mikanda ile, ambayo ni maelfu ya saa za sauti, isingemsaidia mtu kama pasingekuwa na shajara ya kila siku iliyoonyesha nani alikuwa na Rais tarehe ipi na saa ipi. Kwa shajara hiyo waendesha mashtaka waliweza kutaja mazungumzo wanayoyataka. Mazungumzo ya Juni 23, 1972 kati ya Nixon na Haldeman yalipotolewa hadharani Agosti 5, 1974, Rais alimaliza siku nne tu kabla ya kuondoka. Haldeman alifungwa miezi 18. Ofisi iliyotunza ratiba kwa uangalifu kuliko zote ndiyo iliyoacha ushahidi ulioihukumu, na kwangu huo ni utetezi mkubwa wa utunzaji wenyewe.

Hata kumbukumbu nzuri ina mipaka yake. Baada ya Ronald Reagan kupigwa risasi Machi 30, 1981, akitoka kwenye hoteli mjini Washington, mkewe Nancy alianza kutafuta ushauri wa mnajimu wa San Francisco, Joan Quigley. Hofu ya mke aliyenusurika kuwa mjane haichekeshi, nami simlaumu kwa kuogopa. Tatizo ni hofu hiyo ilikofika. Donald Regan, mkuu wa watumishi tangu 1985, alieleza katika kitabu chake cha 1988 kwamba aliweka mezani kalenda yenye rangi: kijani kwa siku njema, nyekundu kwa mbaya, manjano kwa za mashaka, ili ajue lini Rais anaweza kutolewa nje ya White House. Safari na hotuba zilisogezwa. Mapema mwaka 1987, kashfa ya silaha za Iran ikiwa imepamba moto na nchi ikitaka kumsikia Rais, alizuiwa kutoka, na Regan akagombana na Bi. Reagan hadi akapoteza kazi. Mtu akiisoma ratiba rasmi ya majira yale ataona nafasi tupu. Hataona nani aliyeziacha tupu, wala kwa nini.

Sasa nirudi nyumbani, nianzie Kenya. Mbiyu Koinange alikuwa msomi wa kiwango cha juu kwa kizazi chake. Alisoma Columbia, akarudi kuanzisha chuo cha walimu Githunguri mwaka 1939, chuo ambacho Jomo Kenyatta naye alikuja kukiongoza. Dada yake aliolewa na Kenyatta. Baada ya uhuru akawa Waziri wa Nchi katika Ofisi ya Rais, naye alikuwa pamoja na Mzee Kenyatta kule Gatundu, Nakuru na Mombasa, asubuhi na jioni. Kwa muda mrefu wizara hiyo hiyo ilisimamia utawala wa mikoa. Maana yake ni kwamba aliyekaa mlangoni ndiye pia aliyepokea taarifa za wakuu wa mikoa, macho na masikio ya Rais kote nchini. Mzee alipozidi kuzeeka, swali la nani anamwona na kwa saa ngapi likawa ndilo swali kuu la siasa ya Kenya, na lilikuwa swali lisiloweza kuulizwa. Mwaka 1976 Mwanasheria Mkuu Charles Njonjo alionya kwamba kuwaza kifo cha Rais ni kosa linaloweza kuadhibiwa kwa kifo.

Kenyatta alifariki Mombasa Agosti 22, 1978. Daniel arap Moi alimhamishia Koinange Wizara ya Maliasili, na mwaka uliofuata wapiga kura wa Kiambaa wakamnyima kiti, wakampa Njenga Karume. Kwa mwaka mmoja tu mtu ambaye kila kitu kilipitia kwake akawa hana kinachopitia kwake. Uwezo wa namna hii haurithiwi wala hauhamishwi, kwa kuwa haukuwahi kuwa wa ofisi. Ulikuwa wa ukaribu. Na kwa sababu ulikuwa wa ukaribu, mwanahistoria anayetaka kujua nani alikuwa Gatundu siku fulani katika miaka ya mwisho ya Mzee anategemea hadithi za watu ambao kila mmoja ana sababu ya kujipendelea.

Tanzania ya Mwalimu Nyerere ilikwenda njia nyingine. Joan Wicken, Mwingereza aliyesoma Ruskin kule Oxford na kushiriki kuanzisha Chuo cha Kivukoni, alikuwa msaidizi binafsi wa Mwalimu tangu kabla ya uhuru hadi miaka ya tisini. Hakuwa na ukoo nchini, hakuwa na jimbo, hakujenga himaya. Hapo naona sababu mojawapo ya Mwalimu kumwamini kwa kazi ya kalamu na karatasi: hakuwa na wa kumwingizia. Lakini kikubwa zaidi ni jinsi Mwalimu mwenyewe alivyohofia mlango wake. Uhuru ulipatikana Desemba 9, 1961. Januari 22, 1962 aliacha uwaziri mkuu, akamkabidhi Rashidi Kawawa, akazunguka nchi kujenga TANU. Sababu zilikuwa nyingi, za chama na za siasa. Nami naona pia ndani yake kiongozi aliyetambua baada ya wiki sita tu kwamba ofisini ataanza kusikia anayopangiwa kusikia.

Baadaye alijenga milango ya pembeni yenye sheria. Mlango mmoja ulikuwa mabalozi wa nyumba kumi. Mwingine ni Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, iliyoanza kazi mwaka 1966, ya kwanza ya namna yake Afrika, ambako mwananchi alipeleka malalamiko dhidi ya ofisa wa serikali au chama, na matokeo yakapelekwa kwa Rais mwenyewe. Ilikuwa na upungufu wake, hasa kwamba haikuweza kumlazimisha mtu, na utekelezaji ulibaki kwa Rais. Lakini tazama ilichofanya: mlalamikaji wa Sumbawanga hakuhitaji kumjua mtu wa Ikulu. Mwaka 2001 kazi yake ikarithiwa na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, chombo chenye mamlaka mapana zaidi. Lakini ile njia fupi ya lalamiko la mtu mdogo kufika kwenye meza ya mkubwa haikubaki ilivyokuwa.

Njia ya pembeni ikidhoofika, watu hutafuta barabara. Katika awamu ya tano tuliona msafara wa Rais Magufuli ukisimamishwa na umati, wananchi wakiinua mabango yenye madai ya mirathi, mashamba, mishahara, naye akiyasoma kwa sauti na kutoa maelekezo papo hapo mbele ya kamera. Aliwahi hata kupiga simu mwenyewe kwenye kipindi cha televisheni kikiwa hewani. Watu walipenda, na sababu ilikuwa halali: angalau mara moja urasimu wote uliwekwa pembeni. Ila haki iliyopatikana vile ilitegemea kusimama upande sahihi wa barabara. Bango lililoinuliwa kilomita mbili mbele halikusomwa. Na mkuu wa wilaya aliyeamriwa pale jukwaani alikuwa amesikia upande mmoja wa kesi, jambo lile lile ambalo dokezo la masjala, kwa uzito wake wote, lilikusudiwa kulizuia.

Kisha ikaja Machi 2021. Rais alionekana hadharani kwa mara ya mwisho Februari 27, kwenye kiapo cha Katibu Mkuu Kiongozi mpya. Machi 12 Waziri Mkuu aliwaambia waumini Njombe kwamba Rais yuko kazini. Machi 17 Makamu wa Rais alitangaza kifo chake. Sina nia ya kuhukumu waliokuwa kwenye majonzi. Natazama Ibara ya 37 ya Katiba, inayosema kwamba Baraza la Mawaziri likiona Rais hawezi kumudu kazi zake kwa maradhi ya mwili au ya akili, laweza kulifikisha suala hilo kwa Jaji Mkuu. Baraza litaonaje? Litaona kama mtu wa mlangoni ataliruhusu lione. Ibara hiyo haimtaji yeyote miongoni mwa wale wanaomwona Rais kila siku, wala haiwapi wajibu wa kusema. Marekani ilijifunza kwa Wilson ikachelewa hadi 1967 kuidhinisha marekebisho ya 25 ya katiba yake, yanayohusu Rais asiyemudu kazi, na hata hayo yanategemea mawaziri ambao huenda hawajaruhusiwa kuingia chumbani.

Ninachopendekeza ni kidogo na kinawezekana. Kwanza, shajara ya Rais iwe waraka wa umma: aliyeingia, saa aliyoingia na kutoka, nani mwingine alikuwepo, na jambo lililozungumzwa kwa mstari mmoja. Sheria ya Marekani ya 1978, iliyoanza kutumika kwa rais aliyeapishwa Januari 1981, ilisema kumbukumbu za Rais ni mali ya taifa. Kabla ya hapo zilihesabiwa mali yake binafsi, na Nixon alidhani ataondoka na zake. Baada ya miaka mitano tangu rais atoke madarakani raia anaweza kuziomba, na baadhi zinaweza kuzuiwa hadi miaka 12. Sisi tunazo Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Dodoma na hifadhi ya kitaifa Nairobi, na nchi zote mbili zilitunga sheria za haki ya kupata taarifa mwaka 2016. Ikulu mpya ya Chamwino ilizinduliwa Mei 2023. Kuanza shajara ya namna hii ndani ya nyumba mpya hakuhitaji hata bajeti ya nyongeza.

Pili, majina ya wageni yachapishwe mapema zaidi, isipokuwa ya usalama na ya familia. Obama alianza kufanya hivyo 2009, Trump akaacha 2017, Biden akarejesha 2021. Mlango uliofunguliwa kwa hiari hufungwa kwa hiari, kwa hiyo jambo hili liwe kwenye sheria. Nitaambiwa watu watakwepa. Watakwepa. Washawishi wa makampuni walikuwa wakikutana na wasaidizi wa Obama kwenye mgahawa wa kahawa karibu na White House ili majina yao yasiingie kwenye orodha, na leo simu ya mkononi ya Rais ni mlango usio na bawabu kabisa. John Kelly alipochukua nafasi ya mkuu wa watumishi Julai 2017 alifaulu kupanga wanaoingia ofisini kwa Trump, lakini hakuweza kupanga waliompigia usiku. Hata hivyo aliyelazimika kwenda kujificha mgahawani amekwishakubali kwamba alichonacho hakifai kuonekana, na mwandishi wa habari mwenye subira anaweza kumkuta huko.

Tatu, na hili haliwezi kusubiri sheria: wahojiwe waliokaa kwenye meza zile tangu uhuru na bado wako hai. Wapambe wastaafu, maofisa wa itifaki, madereva wa misafara, wapishi. Vyuo vikuu vyetu vina idara za historia zenye wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu. Waanze na makatibu muhtasi, wengi wao akina mama, waliochapa barua kwa taipureta, waliojua nani alisubiri kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni akarudishwa, na nani alifika bila miadi akaingia moja kwa moja. Huenda miongoni mwao wapo walioandika mambo hayo kwenye shajara zao wenyewe, na shajara hizo sasa ziko kwenye masanduku ya nguo, Mwananyamala, Kiambu na Entebbe, zikingoja wajukuu waamue kama ni za kutunza au za kuwashia moto.